Kicheko cha Subilaga

"Mtoto wangu hakosi kucheka, labda mniletee jiwe nilee!" Ambindwile aliwatambia majirani, masanduku ya kusikiliza vicheko yalipowekwa na serikali katika kila nyumba. Nyumba ikipitisha wiki bila kicheko cha mtoto, mtoto huchukuliwa akalelewe mjini.

Kisha mkewe akafariki, na binti yao Subilaga, mwenye miaka minne, akaacha kucheka. Baba alicheza na sufuria kichwani, akaiga beberu anayepiga chafya. Wapi! Siku ya mwisho ya wiki alijificha jikoni, akabana pua na kucheka kitoto chini ya sanduku mpaka machozi yakamtoka.

Mlango ukasukumwa. Subilaga alikuwa ameshika ndizi.

"Baba, mbona unacheka kama mimi? Mimi sijacheka."

"Sss, mama!" alimnong'oneza, lakini taa ya sanduku, inayowaka linaposikiliza, ilikuwa bado inawaka.