Grisi ya Asubuhi

Tajiri alipokitelekeza kiwanda cha kamba, wafanyakazi walikichukua wenyewe, wakamchangia Kidawa, binti wa mwenzao, akasomee fedha za biashara, ili siku ya kuamua asije mtu na tai yake kuwaamulia. Leo ndiyo siku hiyo: mtambo mchakavu utengenezwe, au kiwanda kifungwe.

Kidawa alisimama na chaki mbele ya ubao mtupu. Alikwisha kupiga hesabu kwa kila njia aliyofundishwa, na kila njia ilisema funga.

"Sema, mwanetu," alisema Bi Mwanjaa huku akiupaka mtambo grisi, kama afanyavyo kila asubuhi yule anayetangulia kufika. "Tumekusomesha wenyewe, usituonee haya."

"Au huko wamemfundisha kunyamaza?" mtu akatania, wakacheka.

Kidawa hakucheka. Alikumbuka maneno ya tajiri siku alipomfukuza kazi baba yake, hapa hapa, mbele ya mtambo huu huu: haurudishi hata gharama zake, bora uuzwe chuma chakavu. Baba aliyatemea mate maneno yale mpaka anakufa. Miezi yote ya darasani Kidawa aliamini anasoma ili ayavunje. Kumbe alikuwa anajifunza kuyatamka.

"Mama," alianza, "acha kwanza kupaka."

"Ngoja nimalizie gurudumu hili, mwanangu. Si tunautengeneza, au?"

Grisi ilikuwa imempanda Bi Mwanjaa hadi kwenye viwiko. Mkononi mwa Kidawa, chaki ilikuwa imekwisha kuwa unga.