Si Lazima

Gari lilikuwa limeshawashwa, na mama ameshapakiwa kiti cha nyuma, mito mgongoni na chupa ya chai miguuni, ndipo binti yake alipovuka barabara mbio kumwita Mwalimu.

"Mwalimu! Njoo uwaambie hawa, hawaniamini!"

Mwalimu alitoka na chaki mkononi. Alikuwa amepanga chumba kimoja ng'ambo ya barabara: mbele darasa, nyuma ya pazia kitanda. Jioni alifundisha Kiingereza cha watu wazima, cha kuomba, kukataa, kushauri na kuamua. Binti huyu, msusi wa nywele, alikuwa mwanafunzi wake, tena wa kiti cha mbele.

Kaka mkubwa, fundi magari, alikuwa ameuegemea mlango, hataki gari litoke. Kaka mdogo alikuwa kwenye usukani, hajui amtii nani. Wote wawili walikuwa wameapa kwamba neno la daktari ndilo la mwisho. Mama alikuwa na moyo mbovu, na safari ya kwenda kumwona pacha wake, mgonjwa asiyeinuka tena kitandani, ilikuwa ya kutwa nzima kwenye mashimo.

"Haya, rudia," fundi alimwambia dada yake. "Daktari kasemaje?"

"Yule daktari mgeni kasema, 'She must not travel.' Niliyeingia na Mama ni mimi, si wewe. 'Must' ni lazima, 'not' ni si. Si lazima asafiri. Akitaka aende, asipotaka abaki."

"Na kama si lazima," mama alisema kutoka kwenye mito, "basi ni hiari yangu. Nami nimeamua. Ondoa gari, baba."

"Ngoja kwanza, Mama. Mwalimu, ndivyo?"

Msusi alimkazia Mwalimu macho. "Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Ndivyo. Hesabu ya maneno, aliiita, na aliibuni mwenyewe: chukua neno, weka la pili, jumlisha. Wanafunzi waliipenda kwa sababu haikuumiza kichwa. Siku alipoandika "must not" ubaoni kitu kilimkera kidogo, kama kokoto ndani ya kiatu. Lakini kitabu chake kilikuwa kimenyofoka kurasa hapo, na watu wanasubiri, akapita.

Sasa, mbele ya gari linalonguruma, ile kokoto ikamchoma. Alikumbuka bango la ukutani kwenye ghala la mafuta alikowahi kubeba mapipa ujanani: "You must not smoke here." Hakuna aliyewahi kuwaambia pale kwamba si lazima kuvuta. Aliyevuta alifukuzwa kabla sigara haijaisha.

Akafungua kinywa. Mtaa mzima ulikuwa umetoka kutazama, na wanafunzi wake wakiwemo. Kusema hapana kulikuwa sawa na kusema: mimi ni kihiyo, na nyote nimewapotezea jioni zenu.

"Mwalimu leo kapatwa na ububu," muuza mkaa alichokoza. "Au hicho Kiingereza kimeisha akiba?"

Watu wakacheka.

"Ndivyo," Mwalimu alisema. "Si lazima."

Fundi akajibandua mlangoni. Gari likaondoka, mama akipunga leso dirishani kama bibi harusi.

"Asante, Mwalimu," msusi alisema, machozi yakimlengalenga. "Hujui ulilonitendea."

Mwalimu hakuweza kumtazama. Alirudi ndani, akafuta ubao uliokuwa hauna kitu.

Mama alifika salama. Alilala kitanda kimoja na pacha wake, wakasengenya marehemu na wazima, wakaimba nyimbo za utotoni hadi majirani wakaja kusikiliza. Siku chache baadaye moyo wake ulisimama.

Msibani lawama zote zilimwangukia msusi. "Kiingereza cha kuokoteza kimemuua mama yako," shangazi yake alisema mbele ya watu. Msusi aliinamisha kichwa, hakujitetea hata kwa neno. Mwalimu alivumilia, alivumilia, mwisho akasimama.

"Mwacheni binti wa watu. Mimi ndiye niliyemfundisha vibaya. Na siku ile gari linaondoka nilikuwa nimeshajua, nikaficha."

Fundi alimtazama kama anayetafuta pa kumshikia. "Ungesema neno moja tu, Mwalimu," alisema. "Moja. Hata kwa Kiswahili."

Darasa lilikufa wiki ileile. Ubao aliuchukua muuza mkaa. Msusi alisamehewa na kaka zake, akaolewa, akafungua saluni yake. Kaka mdogo hakulipanda tena lile gari. Fundi aliingia kaburini bila kumsalimia tena Mwalimu. Yule pacha alimfuata mwenzake kabla ya mvua. Mwalimu alihamia mji mwingine, akawa mlinzi wa getini, na mtu akimwomba ushauri alimjibu kwamba hana. Daktari wa moyo, yule aliyemtibu mama, alistaafu, akahamia mji huohuo, na siku moja kinyozi akawakalisha benchi moja, wazee wawili wakingoja zamu. Mwalimu aliposikia jina na kazi aliyoifanya, alijikusanya, akamwomba radhi kwa Kiingereza, polepole, neno baada ya neno, kwa ajili ya yule mama mwenye pacha.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, amekunja uso.

"Sema Kiswahili, mzee mwenzangu, hicho kingine nilikiacha chuoni," alisema. "Yule mama namkumbuka. Nilimwambia asisafiri kabisa, kwa Kiswahili hikihiki, akaitikia kwamba ameelewa, kisha akamgeukia binti yake akamuuliza: 'Sasa kaka zako tutawaambia nini?'"