Salamu Hazina Alama

Siku hizi mtoto hapewi jina mpaka mshauri mwenye leseni awaeleze wazazi vinasaba vyake vinasema nini. Mimi leseni nilinyimwa kila mwaka. Mtihani ni mmoja dunia nzima: mgonjwa wa kwenye kioo anauliza, unajibu, mashine inatoa alama. Nami sijui kumpa mtu habari mbaya kabla ya kumjulia hali na kuulizia wa nyumbani. Mashine ikaniandikia: anakwepa swali. Hao waliotunga mtihani walilelewa na nani?

Safari hii nilijibu papo hapo, nikafaulu.

Jioni mdogo wangu Siwema akaingia amempakata mwanawe.

“Shikamoo dada. Majibu ya mtoto yametoka?”

“Ana ugonjwa wa selimundu,” nikasema, kabla hajakaa.

Alibaki amesimama. “Hata shikamoo yangu hujaiitikia.”