Helmeti ya Brandvold

Nilimvua Brandvold helmeti nikaificha nyuma yangu. Ndivyo tufanyavyo sisi watabibu wa timu mchezaji akigongwa kichwa, maana bila helmeti haruhusiwi kurudi uwanjani.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu wa futiboli ya Kimarekani. Chuo chetu cha hapa Iowa kilikuwa kimeshinda mechi zote kumi. Sasa zimebaki dakika mbili, tuko nyuma kwa pointi tatu dhidi ya timu tuliyokutana nayo leo kwa mara ya kwanza, na mrusha mipira wetu ni yeye.

"Dokta, acha utani. Nipe."

"Wiki iliyopita tulicheza na nani?"

"Si na hawa hawa?" Akacheka. "Unanionaje, mjinga?"

Kocha akaja mbio. "Anacheka, anaongea, unataka nini tena? Mwaka mzima hatujafungwa, leo utufungishe wewe?"

Sponji za ndani ya helmeti zilikuwa bado na joto lake, zimelowa jasho. Jukwaa zima lilikuwa likiita jina lake, naye alitabasamu huku akiupungia mkono upande wa wapinzani.

Niliiweka helmeti kwenye benchi, nikaikalia.

"Inuka," kocha alisema.

Refa akapuliza filimbi mchezo uendelee. Vyuma vya helmeti vya kukinga uso vilinichoma mapajani, nami sikuinuka.