Ushahidi wa Mtoto wa Miaka Minne

"Mtoto amefundishwa," alisema Ragnhild, na darasa zima likamgeukia.

Kanda ya mahojiano ya polisi waliyokuwa wakiisikiliza ilikuwa imesimamishwa katikati. Mvua ya Bergen, Norwe, ilipiga madirisha ya chuo kama kawaida yake.

"Haya, hakimu!" Eirik alimchokoza kutoka nyuma. "Dakika tatu tu, umeshatoa hukumu?"

"Hebu sikiliza wewe. Anasema baba yake alimwaga petroli 'kwa makusudi'. Miaka minne! Neno hilo kalitoa wapi, chekechea?"

Wenzake walicheka. Aslaug, mwalimu wao wa saikolojia ya jinai, hakucheka.

Kesi ilikuwa ya zamani. Banda la boti liliungua, mlinzi akafia ndani. Ushahidi wa maana ulikuwa mmoja tu, maneno ya mtoto huyo mbele ya polisi. Majina yote yalikuwa yamefutwa, na sauti ya mtoto imebadilishwa asijulikane.

"Na huyo baba?" Eirik aliuliza.

"Alikufa gerezani, mwaka wa tisa wa kifungo," Aslaug alijibu. " Kila mwezi alimwandikia mwanawe barua. Hakujibiwa hata moja."

Ragnhild alimkumbuka wa kwake. Baba yake yeye, kama mama alivyomweleza, aliwatoroka zamani, akahamia Hispania na mwanamke mwingine, asiandike hata mstari. Kumbe wengine wana baba wa kuwaandikia, aliwaza, na hawana habari.

Hii ndiyo kazi aliyoitaka: kukaa na watoto kama huyu kwenye chumba cha mahojiano, awaulize bila kuwatia maneno mdomoni. Mama yake alikuwa amemsihi miaka mitatu asomee ualimu. "Mambo ya wahalifu yatakuharibia roho, mwanangu." Ragnhild, mtoto wake wa pekee, alicheka tu. Mama ni mama.

"Aliyemfundisha ni nani?" aliuliza sasa, kwa hasira. "Huyo ndiye angefungwa!"

"Hatujui. Lakini juzi tumepata kanda kamili. Askari anatoka kumletea mtoto maji ya matunda, mashine inabaki inarekodi. Hata mimi sijaisikiliza mpaka mwisho."

Aslaug akabonyeza kitufe, kanda ikaendelea.

Mlango ulifungwa. Kimya. Kisha ukafunguliwa tena, viatu vya kike vikagonga sakafu, vikasimama karibu kabisa na kinasa sauti.

"Umesema vizuri sana, kipenzi," alisema mwanamke, polepole. "Sasa hatatusumbua tena."

Darasa likalipuka. Eirik akampiga Ragnhild begani. "Ulijua! Ulijua, bwana wewe!"

Ragnhild hakugeuka. Sauti ile ilikuwa imempigia simu asubuhi hiyo hiyo, kumkumbusha mwanawe asisahau koti.