Pentani ya Kona

"Hii pentani ya kona," alisema msahihishaji, "haipo popote duniani."

Aliwasukumia watahiniwa wawili karatasi zao za majibu. Swali lilikuwa jepesi: pentani ni hidrokaboni yenye kaboni tano, chora isoma zake zote, yaani atomi zilezile zikiwa zimeungana kwa mpangilio tofauti. Ziko tatu. Hawa wawili walichora nne. Ya nne ilikuwa mnyororo uleule wa kwanza, umekunjwa tu kama kiwiko, na chini yake kila mmoja ameandika "pentani ya kona".

Kukosea ni kawaida. Lakini kubuni jina moja, tena katika vyumba viwili tofauti? Msahihishaji alikuwa na miaka thelathini ya kufundisha na kusahihisha, na watu walimwita Mizani kwa kuwa hakumwonea mtu haya. Adhabu ya kuibia ilijulikana: miaka mitatu bila kukanyaga chumba cha mtihani.

Binti alikuwa ameshapata nafasi katika chuo cha uuguzi. Alikaa akitazama viatu vyake, roho mkononi. Kiti cha pili alikikalia mama yake, aliyerudi kusoma ukubwani na kufanya mtihani uleule, mkoba mapajani.

"Nani alimtumia mwenzake jibu kwa simu?"

"Hakuna," binti alisema. "Mama ndiye aliyenifundisha. Jikoni, kwa maharage na njiti za kiberiti."

"Maharage siwezi kuyaambatisha kwenye faili. Nawafungia wote wawili."

Mama alishusha pumzi. "Basi andika nimeiba mimi, mwalimu. Mtoto mwache aende chuo."

Mizani aliinua kalamu, akaitazama, akaiweka chini. Alikuwa na ubishi wake mmoja maishani: hajawahi kujaza uongo kwenye fomu, na hakuwa na mpango wa kuanza leo kabla ya chai.

"Kama wewe ulimfundisha, utaibaje kwake? Niambie, wewe ulifundishwa na nani?"

"Tuyaache hayo, mwalimu."

"Hatuyaachi. Nataka jina. Mtu wa namna hiyo hafai kushika chaki."

Mama alimtazama binti yake, kisha akamtazama Mizani, kwa heshima zote.

"Ulikuwa mwaka wako wa kwanza kufundisha," alisema. "Mimi nilikaa dawati la mbele."