Chama cha Kuku na Mlango wa Banda

Zamani zile Wamarekani walipokuwa wakiunda vyama vya kuirekebisha dunia, hata kuku wa shamba moja waliunda chama chao. Walikuwa wamefungiwa bandani mchana kutwa, nao walitaka uhuru.

Jogoo, mwenyekiti wa kujichagua, alipanda juu ya boriti akawika, “Kila kiumbe amezaliwa huru!” Banda zima likashangilia.

Kuku mmoja mpole aitwaye Mtetea akasimama. “Bwana mwenyekiti, nina wazo.”

“Kaa chini, mama,” Jogoo akamkata kauli. “Uhuru ni mambo ya majogoo. Nyinyi wake zetu kazi yenu ni kunyamaza.”

“Tumesikia, bwana,” akasema Mtetea, akawakonyeza wenzake.

Basi wakanyamaza kweli. Kuku akishataga hupiga kelele, na mwenye shamba alizoea kuzifuata kelele hizo na kapu lake. Sasa walitaga kimya kimya, wakayafukia mayai chini ya majani makavu. Kapu likawa linarudi tupu kila siku.

“Banda limewachosha hawa,” mwenye shamba akasema. Akafungua mlango, akauacha wazi.

Kuku wakamwagika uani, wakagaagaa vumbini kwa raha. Jogoo akarukia juu ya ua, akatunisha kifua. “Ndugu zangu, hotuba zangu zime—”

“Shuka, bwana,” akasema Mtetea. “Ulituamuru tunyamaze, na kimya chetu kimefungua mlango. Sasa tunasema sisi, nawe ngoja zamu yako.”

Jogoo akashuka, akangoja. Jua likatua, zamu yake haijafika.